Sevisi paki ya rali Iringa: pa kuingilia, pa kusimama na vibao vya kusoma

Namwandikia mtu ambaye rali ijayo atashuka stendi ya Igumbilo na begi mgongoni, hajui aelekee wapi wala amuulize nani. Mimi nilishuka hivohivo, niko na mpwa wangu wa miaka 14, tumetoka Mbeya alfajiri na basi la kwanza, Makambako tumekunywa chai tumesimama kwa ile baridi, na kichwani nina kitu kimoja tu, nataka kuingia kule mafundi wanakofanyia kazi. Kona na vumbi nimeshaona sana kwenye simu. Mimi ni fundi, nina gereji ndogo Mafiati, hukohuko Mbeya, nashinda na Noah na Hiace kutwa nzima, nilikuwa na hamu ya kuona wenzangu wanavyofunga gari huku wanahesabiwa dakika.

Kwa hiyo hii ni rivyuu ya sevisi paki tu, sio ya rali nzima. Naipa nyota nne kati ya tano, na ile moja niliyoikata nitasema kwa nini maana imeniuma kweli.

Kufika ni rahisi ukijua namna ya kuuliza. Igumbilo kuna daladala za mjini na bajaji zimejaa, ila mimi nilimwambia dereva wa bajaji nipeleke sevisi paki, yule kijana akaanza kunitajia gereji tatu na sehemu moja ya kuosha magari. Hakukosea, kwa mtu asiyefuatilia rali neno lenyewe ndo lina maana hiyo. Nilipomwambia pale magari ya mashindano yanapotengenezewa akasema aaah, uwanjani, ingieni twende. Basi na wewe sema hivo. Tukapita Ipogolo tukapandisha ule mlima, mpwa wangu shingo nje anatafuta gari la rali kila kona, na kabla hatujafika juu likatupita moja kweli, Lancer Evo ina namba ubavuni, inaenda polepole kwenye foleni kama gari la mtu anayeenda sokoni, ina pleti namba na inasimama kwenye zebra. Hilo wengi hawalijui, kati ya hatua moja ya mbio na nyingine gari la rali linatembea barabara ya kawaida na linafuata sheria za barabarani kama mimi na wewe.

Uwanja una mageti mawili na hapo ndo nilipoteza nusu saa. Geti la nyuma ni la timu, la mbele ni la watu, na hakuna kibao hata kimoja cha kukwambia. Sisi tulifuata kelele za injini tukatokea nyuma, kijana wa getini akaturudisha kwa heshima kabisa, "samahani kaka, hapa ni magari tu", ikabidi tuzunguke ukuta mzima na begi na jaketi. Ukishuka kwenye bajaji tafuta wamama wanaouza chai na vitumbua, geti la watu liko hapohapo. Niliwasalimia kamwene, mmoja akanionyesha kwa mwiko hata kabla sijauliza. Kiingilio hatukulipa.

Ukishaingia usikimbilie kwenye mahema. Najua utavutwa, kuna gari liko juu ya stendi, vile vyuma vya kushikilia gari, halina tairi hata moja na watu wamelizunguka, lakini nenda kwanza kwenye hema la waandaaji, kwa nje kuna ubao wa matangazo. Pale wanabandika orodha ya madereva kwa mpangilio wa kuanza, na ratiba ya siku nzima ambayo mwanzoni utaiona kama jedwali la fizikia. Piga picha vyote viwili. Hiyo picha ndo ilikuwa dira yetu siku mbili, bila hiyo utakuwa unasikia tu gari linaingia unakimbia, ukifika limeshatoka.

Ratiba inasomwa hivi. Kila mstari ni kituo cha muda, yaani pale wasimamizi wanapoandika saa ya gari kufika, kuna kilomita, kuna dakika walizopewa kufika, na mwisho kabisa kuna saa ambayo gari la kwanza linategemewa. Halafu magari yanaachana kwa dakika kadhaa, siku ile ilikuwa mbilimbili. Sasa kama sevisi ya mchana gari la kwanza linaingia 11:10 na wewe unataka kumwona wa kumi na moja barabarani, mbele yake kuna kumi, mara mbili ni ishirini, yeye anaingia 11:30. Basi. Angalia tu usihesabu kwa namba ya ubavuni, hesabu kwa nafasi yake kwenye orodha, maana namba zinaruka. Na kingine, jamani, saa za ubaoni ni za mtindo wa uwanja wa ndege. 11:30 ni saa tano na nusu asubuhi. Kuna baba mmoja alikuja na watoto wake wawili kutoka Mafinga, kaona 11:10 akaelewa saa kumi na moja na dakika kumi jioni, akawapeleka watoto kula na kutembea mjini, anarudi uwanja mtupu, mahema tu na mafundi wamelala kwenye maturubai. Nilimhurumia sana yule baba, watoto walikuwa wamevaa kofia za rali kabisa. Waandaaji wakiandika pembeni kwa kalamu tu, saa tano asubuhi, yasingemkuta hayo.

Mpwa wangu anajua Formula 1 ya kwenye tivii, akaniuliza mjomba mbona sioni piti. Swali zuri na nikajitahidi kulijibu, maana ukielewa hili uwanja wote unakukaa kichwani. Kwenye sakiti magari yanazunguka njia moja, kwa hiyo piti ziko pembeni ya njia yenyewe, kila timu na chumba chake, mbele ya chumba ndo njia ya piti, nyuma ya vyumba ndo padoki yenyewe, malori, ofisi, jiko, watu wa tivii. Gari linaingia piti likiwa bado kwenye mashindano, spidi ya njia ile kwa kawaida mwisho 80, tairi nne zinabadilishwa kwa sekunde mbili na kitu na mafuta hawajazi katikati ya mbio tangu 2010. Pa kwenda kuona kitu kama hicho kwa macho sio jirani, sakiti ya Kyalami kule Afrika Kusini ndo ya mwisho Afrika kupokea Formula 1, ilikuwa 1993. Jina lenyewe linatoka kwenye Kizulu, ikhaya lami, kwangu, na hapa nyanda za juu nadhani hatuhitaji mkalimani kusikia neno kaya humo ndani.

Rali haina duara. Gari linaondoka, linaenda kwenye misonobari na mashamba huko kilomita nyingi, linarudi mara chache tu kwa siku, na likirudi linapewa dakika zake zilizohesabiwa. Kwa hiyo piti na padoki vimewekwa pamoja kwenye uwanja mmoja, na wewe unasimama mita tatu kutoka kwa fundi. Ndo maana nasema kwa mtu wa spana hakuna pazuri kama hapa. Kule kwenye sakiti kubwa kuingia padoki ni pasi na pesa ndefu, hapa nilisimama na jaketi langu la gereji na hakuna aliyeniuliza wewe nani.

Sasa vibao, na naomba hapa usiruke.

Kwenye kuingia sevisi kuna kibao cha njano chenye picha ya saa. Mbele yake kama mita 25 kuna kibao chekundu chenye picha ya saa hiyohiyo na meza ya wasimamizi. Ule mwanya kati ya njano na nyekundu sio njia ya watu. Gari likishaingia pale hata fundi wa timu yenyewe haruhusiwi kuligusa, ni gari, dereva, navigeta, yaani mwenzake wa pembeni anayemsomea njia, na wasimamizi tu. Mimi sikujua, niliona nafasi nzuri ya kupiga picha nikasimama palepale na mtoto, dada mmoja wa rifleketa ya rangi ya machungwa akaja akanishika kiwiko, "kaka yangu, sogea nyuma ya njano, gari likikukuta hapa wataniuliza mimi." Akarudi kwenye meza yake. Toka hapo nikawa nasoma vibao kwanza ndo nasogea. Na ukienda porini kwenye hatua zenyewe utaona vingine vya bendera, kile cha njano cha bendera ya vibokisi kinatangulia, chekundu cha vibokisi ndo mstari wa kumalizia na gari linapita hapo limekanyagwa mpaka mwisho, linasimama mbele zaidi kwenye kibao cha STOP. Kati ya vile viwili usikae hata kama kuna kivuli.

Nije kwenye kilichonifanya nikae siku mbili badala ya moja.

Kuna timu moja ndogo, sitaitaja jina maana sikuwaomba ruhusa, wana Subaru Impreza ya zamani kidogo, pikapu moja ya vifaa, turubai la bluu na watu watano. Pembeni yao kuna timu kubwa ina hema la pande tatu, rafu za magurudumu, jenereta linalonguruma taratibu, mafundi wamevaa sare. Watu wote wamejazana kwa hao wakubwa. Nenda kwa wadogo. Kwa wakubwa utaona migongo, kwa wadogo utaona mikono.

Saa tano na dakika ishirini na nne lile Subaru likatokea kwenye kona ya geti, nikasikia kabla sijaona, tairi la mbele kushoto linasugua. Lilikuwa limelala ndani kama mguu wa mtu aliyeteguka. Mpwa wangu akasema limefika! Kumbe halijafika. Likasimama kabla ya kibao cha njano na kukaa palepale. Dereva akashuka, navigeta akashuka na kadi ya muda mkononi, na mafundi wote watano wako ndani ya uwanja wanaliangalia, mikono kiunoni, hakuna anayesogea. Mtoto akawa hapumui. Mjomba mbona hawalisukumi ndani, si wana haraka?

Ukiwahi kituo cha muda unapigwa adhabu ya dakika nzima kwa kila dakika uliyowahi. Ukichelewa ni sekunde kumi kwa kila dakika. Yaani kuwahi kunaumiza mara sita kuliko kuchelewa. Saa yao ni 11:30, basi wanasubiri 11:30. Kupita ule mstari wa njano wanaruhusiwa dakika moja kabla, sio zaidi, na nje ya sevisi wa kulitengeneza gari ni hao wawili tu na vifaa walivyobeba ndani yake. Dereva akalala chini akaangalia, akainuka akapiga kelele kuelekea kwa mafundi wake, mkono wa chini, kile chuma kinachoshika gurudumu, umepinda, na boljointi, kiungo chake, imechomoka nusu. Basi kule ndani nikaona wale watu wamebadilika, mmoja kavuta sanduku la chini kwenye pikapu, mmoja anamwaga bolti kwenye sinia, mwingine anapanga spana kwenye kipande cha kanga kwa mpangilio, kumi na saba, kumi na tisa, ishirini na mbili, nyundo, kopo la grisi. Gari halijaingia, kazi imeshaanza. Kwangu gereji ndo kwanza tungekuwa tunatafuta ile kumi na tisa nani kaichukua.

11:29 likapita njano. Navigeta akatembea mpaka mezani akasimama, macho kwenye saa ya msimamizi, kadi ameishika kwa ncha za vidole hajaitoa. Ilipogeuka 11:30 akaitoa. Kisha likaja kwenye turubai kwa mwendo wa kutembea, mwisho humo ndani ni 30 lakini lile lilikuwa halifiki hata kumi.

Jeki, juu, stendi mbili chini, ndo mtu akaingia. Naomba niliseme hili kwa mafundi wenzangu wa Mafiati na Soweto na kote: wana dakika thelathini, dereva anawaangalia, gari zima linanuka breki iliyoungua, na bado hakuna aliyeweka kichwa chini ya gari lililo kwenye jeki tupu. Sisi tuna siku nzima na tunaingia. Nilirudi nyumbani nikanunua stendi mbili wiki hiyohiyo.

Aliyekuwa chini ni mtu mzima, nywele zina mvi pembeni, wenzake wanamwita Mzee. Bolti ya nyuma ya ule mkono ilikuwa imekwama. Diski imekuwa ya moto kiasi kwamba maji yalipodondokea yaliruka, na yeye mkono uko sentimita chache kutoka hapo, amevaa glovu moja tu, ule mwingine mtupu ili asikie uzi wa bolti. Kijana anamshikia tochi mchana kweupe. Akagonga mara tatu, akatulia, akapuliza oili, akasema nipe bomba. Wakachomeka bomba la chuma kwenye spana, watu wawili wakavuta, ikalia kama mlango wa kanisa kisha ikaachia. Watazamaji tulikuwa kama kumi pale kwenye kamba na wote tulitoa pumzi pamoja.

Dakika ya kumi na nane mkono mpya uko mahali. Mpya namaanisha umetoka kwenye Subaru nyingine, una rangi tofauti. Dakika ya ishirini na tano wanafunga. Navigeta amekaa kwenye ndoo anakula ndizi, kila dakika anaita namba, tano, nne. Kutoka sevisi nako kuna meza na saa, muda wao wa kutoka ni 12:00. Tatu. Dereva ameshafunga mkanda. Mbili. Na Mzee bado yuko chini. Dereva akasema tushushe tuondoke, Mzee akajibu kwa sauti ya kawaida kabisa, hajapandisha, "bado sijaifunga mara ya mwisho." Basi. Hakuna aliyebishana naye. Akafunga, akarudia kila bolti kwa mkono, akaigusa boljointi kwa kidole kama daktari anayemgusa mtoto tumbo, akatoka, ndo gari likashushwa. Walitoka 12:03. Dakika tatu, sekunde thelathini zimeongezwa kwenye muda wao, na kwa mashindano ambayo watu wanaachana kwa sekunde hiyo ni nyingi.

Nilimuuliza baadaye, shikamoo mzee, zile dakika tatu hazikuuma? Akasema marahaba, ziliuma, lakini wale vijana wawili ndani ya gari wana mama zao.

Sehemu ya mafuta iko baada ya kutoka sevisi, imezungushiwa kamba, timu inaingiza watu wawili tu wa kujaza na injini imezimwa. Hakuna cha kuangalia sana pale na ukiwa na sigara usikaribie kabisa.

Kwenye kamba utakutana na watu, na hii nayo ni sehemu ya huduma japo hakuna anayekulipisha. Mimi nilisimama na mzee mmoja wa Kihesa mwenye koti refu, akaniambia yeye alianza kufuatilia enzi za Bert Shankland, yule wa Tanzania aliyeshinda rali ya Safari mara mbili mfululizo, 1966 na 1967, na Peugeot 404. Nilishtuka maana babu yangu alikuwa na 404, ilikufa nyuma ya nyumba na sisi watoto tulikuwa tunaendeshea hadithi humo ndani. Yule mzee wa Kihesa akasema basi gari la babu yako na gari la bingwa ni ndugu, na akaanza kumweleza mpwa wangu kwamba Safari ilipoanza 1953 ilikuwa ya nchi zetu tatu, Kenya, Uganda na Tanganyika, na dereva anatengeneza mwenyewe njiani kwenye tope. Kijana ambaye asubuhi alikuwa anauliza piti ziko wapi akawa anamuuliza yule mzee maswali mpaka nikaenda kununua mahindi nikarudi bado wanaongea.

Chakula ni nje ya geti la watu. Wali maharage buku mbili, ugali na kuku wa kienyeji ghali kidogo ila kuku kweli, mahindi ya kuchoma, chai ya tangawizi ambayo kwa baridi ile ya mwezi wa saba utaihitaji kuanzia saa kumi jioni jua linapoinama. Beba jaketi. Watu wa Dar niliwaona wamejifunga mataulo ya gesti.

Sasa ile nyota niliyoikata. Vyoo vilikuwa vichache na mpaka saa nane mchana havikuwa vya mwanamke kuingia na mtoto. Mtu mmoja nje alikuwa anakusanya hela ya maegesho bila risiti, huyu elfu moja, yule elfu tatu, inategemea kakuangaliaje. Spika zilipiga muziki mfululizo, mtangazaji akishika maiki anasalimia wadhamini, wakati watu wanataka kujua gari gani linaingia saa ngapi. Hayo yote naweza kuvumilia. Ambalo siwezi ni kamba. Upande wa kuingilia walifunga vizuri, upande wa kutokea sevisi, pale gari linapokata kuelekea barabarani, kamba iliishia njiani na watoto walikuwa wanavuka. Niliona kitoto cha kama miaka minne kinakimbilia mpira na Evo inakuja. Haikuwa na spidi, dereva alisimama, mama yake akakivuta. Lakini alisimama kwa sababu aliangalia, sio kwa sababu kuna mtu aliyemzuia mtoto. Kamba ya mita arobaini na msimamizi mmoja wa rifleketa pale, hilo tu. Nilienda kusema kwenye hema la waandaaji, wakanisikiliza, siku ya pili asubuhi kamba ilikuwepo. Nawashukuru kwa hilo na nyota naiacha ilipo, ili mwakani ifungwe kabla sio baada.

Jioni usiondoke magari yanapomaliza. Yanaenda kwenye paki feme, jina la Kifaransa, maana yake maegesho yaliyofungwa, na imefungwa kweli. Yanapangwa mstari, injini zinazimwa, dereva na navigeta wanatoka, na kuanzia hapo mpaka asubuhi hakuna wa kuligusa gari, mwenye gari hagusi, fundi hagusi. Tulifika kwenye uzio giza linaingia, joto bado linatoka kwenye boneti, chuma kinalialia kikipoa, harufu ya vumbi na oili. Subaru yetu, nimeshaiita yetu, ilikuwa ya tatu kutoka mwisho.

Mzee, yule fundi, alikuwa ameshafika kabla yetu. Amesimama nje ya uzio mikono nyuma, anaangalia chini ya gari lake. Nikasimama pembeni yake nikaangalia anapoangalia. Kulikuwa na tone jeusi kwenye sakafu chini ya tairi la mbele kushoto, na wakati tunaangalia likadondoka lingine.

"Grisi," nikasema.

"Au oili ya gia boksi," akasema. Mita nne kutoka kwenye mkono wake na hawezi kuingia. Ubaoni wameandikwa 06:30, sevisi ya asubuhi ni dakika kumi na tano tu. Akamgeukia mpwa wangu akamuuliza kama anajua kushika tochi bila kutingisha.

Tiketi zetu za kurudi Mbeya zilikuwa za basi la asubuhi. Nikampigia mtu wa ofisi ya basi palepale kwenye uzio, nikaongeza elfu tano tukahamishiwa la mchana. Saa kumi na mbili na robo tulikuwa nyuma ya kibao cha njano, baridi inakata masikio, kijana ameshika tochi kwa mikono miwili, na navigeta anatembea kuelekea mezani na kadi yake.